Tundu Kwenye Sweta

"Wa kwanza ni Cucu Watiri!" Tabby alitangaza, akapiga makofi mara mbili kama mwalimu wa chekechea. "Cucu, njoo hapa mbele. Wewe ndio utatufungulia line."

Watiri, ambaye kila kijana pale humwita Cucu, yaani bibi, hakuinua macho. Alikuwa amebakisha vitanzi sita kumaliza safu, na hakuwa mtu wa kuacha safu katikati, hata aitwe na nani. Alifuma vile sita bila haraka, akavichomeka vijiti vyake kwenye kibonge cha uzi, akatia kila kitu ndani ya kiondo chake cha kusukwa. Ndipo akasimama, akashika kiuno, akangoja magoti yakubali.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho ya Mei, saa nane na nusu mchana, katika banda la kupimia majani chai lililo juu kidogo ya mji wa Kiriaini. Kila mtu alikuwa ameshachuma ya siku hiyo. Vikapu vilipangwa kwenye sakafu ya simiti, vikingoja karani na lori, na wenye vikapu walingoja vilevile, maana hakuna kazi mtu wa chai anayoijua vizuri kuliko kungoja lori. Wanaume hungoja kwa siasa. Wanawake hungoja kwa kufuma. Kwa hiyo Tabby, mhudumu wa afya wa kijiji, alipoambiwa na hospitali atafute mahali pa kuwachanjia wazee sindano ya homa ya mafua kabla baridi ya Julai haijaingia, hakuumiza kichwa. Alisema waje bandani. Wazee wako hapo kila mchana, wamekaa, na hakuna anayeweza kusema hana nafasi.

Wiki mbili alizunguka nyumba kwa nyumba. Wengi walimwambia watafikiria, ambayo ni njia ya heshima ya kumwambia mtu hapana. Watiri peke yake ndiye aliyesema ndiyo kabla hata hajamaliza kuelezwa. Julai iliyopita homa ilimwangusha, ikashuka kifuani, akalala hospitali siku kumi na moja. Daktari hakumficha: kifua kile hakina nguvu ya kurudia safari ile. Watiri alikuwa na miaka sitini na tisa na hakuwa na haja yoyote ya kufa. Alikuwa na chai yake, mbuzi wawili, na oda ya sweta thelathini za shule. Basi akawa ndiye anayewauliza wengine kanisani, mbele za watu, "Mimi nitachomwa. Wewe unaogopa nini?" Nusu ya waliopanga foleni siku ile walikuja kwa sababu ya swali hilo.

Alipiga hatua nne kuelekea meza ndogo iliyowekwa kando ya mizani. Daktari, ndivyo wanavyomwita kila anayeshika sindano huko, alikuwa amewapa kisogo, ameinama juu ya boksi la buluu la kuhifadhia chanjo. Hakuwa yule sista mnene aliyetarajiwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, na shingo yake ilikuwa na alama nyeusi ya kuzaliwa chini kidogo ya nywele, ndogo kama mbegu ya papai.

Watiri aliijua shingo ile. Akasimama hapo hapo.

Mwanamume akageuka, pamba mkononi. Naye akaganda. "Mama," alisema taratibu, akainamisha macho. "Sista amepata dharura asubuhi. Nimeletwa mimi."

Alikuwa Mwai, mume wa binti yake Shiro.

"Surprise!" Tabby alisema, meno yote nje. "Si ni mkwe wako, Cucu? Mimi niliposikia ni yeye anakuja nikasema, wacha ninyamaze, Cucu atafurahi ajabu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, mwingine akampongeza Watiri kwa kuozesha vizuri. Watiri alisimama hapo na sweta zake mbili, moja juu ya nyingine, na kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa sista. Kwa sista angevua sweta zote mbili, angeshusha gauni begani, angechomwa na kuvaa tena huku wakiulizana habari za watoto. Kwa mkwe haiwezekani. Siku hizi mama wakwe na wakwe zao hukumbatiana na kupigwa picha wameshikana mabega, na Watiri hakuwa na neno na hao. Yeye alilelewa vingine. Akimwona mkwe wake njiani, hushuka kando ampishe, na hurekebisha kitambaa kwanza ndipo amsalimie. Hajawahi kula mbele yake. Sasa avue nguo mbele yake, na kijiji kizima kikiwa kimekaa kwenye mabenchi kinatazama?

"Sitachomwa," alisema.

"Ati?" Tabby aliuliza.

"Nimesema sitachomwa." Akashika kiondo chake, akatoka nje ya banda, akazunguka nyuma kwenye bomba la maji.

Banda lilijengwa kwa mbao zilizoachana nafasi ili majani yapate hewa, na nafasi hizo hazichagui cha kupitisha. Watiri alisikia kila kitu. Kwanza sauti ya mzee Moffat, jirani yake wa mpaka mmoja, mwenye pumu inayosikika kabla hajafika.

"Mimi sijasoma," Moffat alisema, "lakini kama mama mkwe wa daktari amekataa sindano ya daktari, iko kitu anajua."

"Lazima ameambiwa na binti yake," alidakia Mama Kingori, mwanamke aliyekaa naye benchi moja tangu wote wawili wawe mabibi harusi. "Hawa watu wa hospitali huambiana ukweli kwa nyumba."

"Juzi ndio alikuwa ananiuliza mimi naogopa nini!" sauti nyingine ikasema.

"Sasa ameogopa yeye."

Mabenchi yakaanza kukwaruza sakafu. Watiri aliweka mkono mdomoni. Hakuwaza jambo hilo hata kidogo. Yeye alikataa kwa heshima, na watu wameielewa heshima yake kuwa ni ushahidi. Angerudi aseme nini? Kwamba anaona haya kumwonyesha mkwe wake mkono? Wangecheka mpaka Krismasi, na Mwai angesimama hapo katikati ya kicheko, na habari ingemfikia Shiro kabla ya jua kutua.

"Usiwalazimishe," alisikia Mwai akimwambia Tabby kwa sauti ya chini. "Chanjo ni ya hiari."

"Lakini wote wameondoka kwa line, daktari. Wiki mbili nimezunguka. Wiki mbili!"

"Najua. Shida ni kwamba nikirudi na dozi zote, ofisini wataandika watu wa hapa hawataki. Mwaka ujao hawatamtuma mtu."

Moffat akakohoa, kikohozi kile cha kuvuta kamba kutoka kisimani, kirefu, kisichoisha. Watiri alikihesabu kila usiku kupitia ua wa mpaka. Julai ilikuwa wiki tano tu mbele.

Tabby alimkuta hapo bombani. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye fulana ya kazi iliyompwaya, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ambayo hakutaka yaonekane.

"Cucu, nimekukosea? Ni nini nimefanya?"

"Hujanikosea."

"Basi ni nini? Kama kuna kitu mbaya na hii dawa si uniambie tu mimi, niwache kudanganya watu."

Hapo Watiri alishtuka. "Hakuna kitu mbaya na dawa! Ni..." Akavuta kitambaa mbele. "Ni hii mkono yangu. Nitavua sweta aje mbele ya mkwe?"

Tabby alimkodolea. Ilikuwa dhahiri kwamba alitaka kucheka, lakini akajizuia. "Cucu. Ni mkono tu."

"Ni mkono tu kwako."

"Tukunje sleeve?"

Watiri alimwonyesha. Sweta ile aliifuma mwenyewe kwa mabaki ya uzi wa shule nne: mstari wa kijani, wa rangi ya damu ya mzee, wa buluu, wa kijivu. Mikono aliibana makusudi ili umande wa asubuhi usipande. Ukiikunja inagoma kwenye kiwiko. "Na hata ingekunjika," alisema, "si mkono wote utakuwa nje?"

"Basi tushike leso, mimi na Mama Kingori, tufunge kama pazia. Yeye atakuchoma hapo ndani."

Watiri aliwaza kidogo, akatikisa kichwa. "Wakiona pazia watasema sikuchomwa. Watasema tumepanga uongo. Moffat lazima aone sindano ikiingia na macho yake." Aliitazama sweta yake, mahali pale juu ya mkono, vidole vitatu chini ya bega, ambapo sista wa hospitali alimchoma sindano alipolazwa mwaka jana. Alipabonyeza kwa kidole gumba kama anayepima mkate. "Uko na makasi kwa hiyo mfuko yako?"

"Ya bandeji iko."

"Lete. Na umwambie karani anifungulie stoo."

Stoo ya karani ilikuwa chumba cha mabati chenye magunia na kalenda ya mwaka juzi. Watiri alijifungia humo, akavua sweta ya juu, akavua ya ndani, akabaki na gauni la mikono mifupi. Baridi ikamshika mara moja. Na kwa kuwa alikuwa peke yake, bila kazi ya kumficha nayo, Julai ikamrudia yote.

Siku tatu alikuwa amelala kitandani bila moto. Mumewe alikwisha kufa, mwanawe wa kiume alikuwa Nairobi, na mvua ilikuwa imeigeuza njia kuwa uji. Mwai alifika na kilo mbili za unga aliotumwa na Shiro, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba. Alibisha, akaita, akasukuma mlango. Hakuna gari lingeweza kupanda. Alimfunga ndani ya blanketi, akambeba mgongoni kama mtoto, akateremka naye karibu kilomita nzima hadi kwenye lami. Watiri alikuwa na petikoti tu ndani ya blanketi lile. Kichwa chake kililala kwenye shingo ya mkwe wake, na kitu pekee alichoweza kukiona muda wote ule kilikuwa alama nyeusi ndogo kama mbegu ya papai. Karibu na daraja kikohozi kilimpanda kwa nguvu, na mwili wake, ambao haukuwa tena wake, ukajiachia. Alijikojolea mgongoni mwa mume wa binti yake. Alisikia joto lile likiteremka, akasali afe kabla hawajafika barabarani.

Hakufa. Na tangu siku ile hakuwahi kumtazama usoni. Septemba Shiro alijifungua msichana wa pili, na kwa desturi msichana wa pili huchukua jina la mama wa mke, kwa hiyo huko Gakindu, nyumbani kwa Shiro na Mwai, kulikuwa na Watiri mwingine mwenye miezi minane ambaye Watiri huyu hakuwahi kumshika. Gakindu si mbali. Shiro alipiga simu kila Jumapili kumwita, na Watiri hakukosa sababu. Leo ni chai, juma lijalo ni mbuzi kazaa, mara sweta za shule zinadaiwa. Shiro aliacha kuuliza karibu na Pasaka, na kule kuacha kuuliza kulimuuma Watiri kuliko maswali yenyewe.

Akakaa juu ya gunia, akaweka sweta ya mistari magotini, akaingiza ncha ya makasi chini ya kitanzi kimoja cha mstari wa kijivu. Amefuma tangu akiwa na miaka tisa. Hajawahi kukata sweta iliyo nzima, na mkono ulisita wenyewe. Ukikata kitanzi kimoja, vinavyofuata havijui pa kushika, vinateleza kimoja baada ya kingine hadi chini. Alikata. Akafumua taratibu, safu tano juu, vitanzi saba upande, na kila kitanzi kilichobaki wazi akakipitishia uzi mweupe na kukifunga, kisije kikafumuka hadi kiwiko. Alipomaliza alikuwa na tundu la duara, la kutosha kifuniko cha soda. Lilikuwa limekaa vizuri. Hata yeye aliona limekaa vizuri.

Alivaa sweta, akapandisha mkono wa gauni kwa ndani, akalisogeza tundu mahali pake. Akaifunga ile sweta nyingine mabegani kwa mbele, akajikaza, akatoka.

Watu walikuwa wametawanyika bandani, kila mmoja amesimama karibu na kikapu chake kana kwamba kingeibwa. Mwai alikuwa anafungasha. Tabby alisimama kando yake na daftari lisilo na jina hata moja.

"Baba Nyambura," Watiri aliita. Hakuwahi kumwita Mwai kwa jina lake. Alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Fungua hiyo boksi."

Akakaa kwenye kiti. Akawageukia watu, mkono wa kushoto upande wa daktari, uso upande wa pili ambako mashamba ya chai yanateremka hadi mtoni. "Moffat! Sogea karibu. Uone vizuri usije ukasema uliambiwa."

Moffat alisogea na fimbo yake. Wengine wakamfuata kwa hatua ndogondogo, kama kuku wanaoenda kuona kilichomwagwa. Mama Kingori ndiye wa kwanza kuliona tundu. "Mama Shiro! Umekata sweta?"

"Ni yangu. Nitaiziba."

"Kwa nini ukate sweta nzima?"

Watiri alivuta pumzi. Hapa ndipo alipoogopa kufika, na alikuwa amefika. "Kwa sababu huyu ni mkwe wangu," alisema, "na mimi sivui nguo mbele ya mkwe wangu. Hiyo ndio sababu nilitoka. Sikutoka kwa sababu ya dawa. Dawa sina neno nayo. Mwenye kucheka acheke sasa amalize."

Wawili watatu walicheka, wanawake vijana, lakini wazee hawakucheka. Mama Kingori alitikisa kichwa polepole, na hata Moffat aliitazama ardhi kidogo. Walikuwa wameelewa, na waliona haya kwamba hawakuelewa mapema.

Mwai alikuwa amesimama na sindano mkononi. Alilitazama tundu lile, uzi mweupe uliofungwa kila kitanzi, ngozi ndogo iliyoonekana humo. Alihamisha kiti chake, akakaa upande wa nyuma kidogo ya bega la Watiri, mahali ambapo asingeona chochote zaidi ya kile alichoonyeshwa.

"Mama, leo unajisikia mgonjwa?"

"Hapana."

"Kuna dawa ilishawahi kukudhuru?"

"Hapana. Maswali ni mangapi?"

"Yameisha. Nitapangusa na pamba. Ni baridi."

"Pangusa."

"Sasa nitachoma."

"Choma, Baba Nyambura, hawa watu wako na lori ya kungoja."

Kilikuwa kitu kidogo, kama kuchomwa na mwiba wa waridi. Watiri alikaza macho kwenye mashamba, na kabla hajajua kama imeanza, Mwai alikuwa ameshabonyeza pamba juu ya tundu.

"Umeona?" Watiri alimuuliza Moffat.

"Nimeona," Moffat alisema. Akafikiri. "Lakini wacha tuone kama utaanguka."

"Anatakiwa kukaa dakika kumi na tano," Mwai alieleza. "Kila mtu akichomwa anakaa hapo kwa benchi, tunamwangalia."

"Basi hizo dakika kumi na tano na sisi tutamwangalia," Moffat alisema, na shauri likapita bila kupigiwa kura. Watu wakarudi upande wao wa banda, wakakaa, mikono magotini, macho kwa Watiri. Tabby alijaribu kuwaambia wanaweza kuendelea kuchomwa huku wakingoja. Hakuna aliyeinuka.

Hivyo Mwai akawa hana wa kumchoma, na benchi la wangojao lilikuwa moja. Akakaa upande mmoja, Watiri upande wa pili, kiondo katikati. Watu arobaini waliwatazama.

Watiri alitoa vijiti vyake, akafuma nusu ya safu, akagundua amekosea hesabu, akaviweka chini. Mkono ulikuwa umeanza kuwa mzito.

"Unauma?" Mwai aliuliza.

"Kidogo."

"Kesho utauma zaidi, halafu utaacha. Chuma na wa kulia."

"Chai haichumwi na mkono mmoja."

"Basi pumzika kesho."

Alisema kama mtu anayejua hatasikilizwa. Watiri alijua zamu ilikuwa yake. Alirekebisha kitambaa ambacho hakikuwa na kasoro.

"Mtoto ametoa meno?"

"Mawili. Ya chini. Anauma kila mtu."

"Amefanana na nani?"

"Shiro anasema amekuchukua wewe."

"Kwa kuuma?"

"Kwa kukataa," Mwai alisema, na Watiri akasikia, bila kumtazama, kwamba anatabasamu. "Ukimwambia kula anafunga mdomo. Ukiachana naye, anakuja mwenyewe."

Watiri aliyachunguza mashamba. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka milima ya Nyandarua, ukiyafunika majani ya juu kwanza. Neno alilokuwa nalo lilikuwa limekaa kooni miezi kumi, na alijua kwamba lisipotoka leo, mbele ya watu hawa wote wasiosikia, halitatoka tena.

"Ulimwambia Shiro?"

"Nini, Mama?"

"Ya ile siku. Karibu na daraja. Mgongo yako."

Mwai alipangusa kifuniko cha boksi la chanjo kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi.

"Ile siku kulikuwa na mvua, Mama," alisema. "Tulilowa sisi wote."

Kitu kilichokuwa kimemkaa Watiri kifuani tangu Julai, kizito kuliko homa yenyewe, kikalegea, na alimpenda huyu mtu wakati ule kwa upendo uliomtia hofu, maana hakujua kwamba bado alikuwa na mwingine kiasi hicho. Machozi yalimtoka. Aliyaacha. Kule upande wa pili Mama Kingori alimgonga Moffat kwa kiwiko, na Moffat akasema kwa sauti ya kusikika, "Ona sasa, dawa imeanza."

"Asante kwa kunibeba," Watiri alisema, akiyaambia mashamba.

"Ulikuwa mwepesi."

"Mimi si mwepesi."

Mwai aliwaza. "Pale kwa kilima kabla ya daraja," alikubali, "ulikuwa mzito kidogo."

Watiri alicheka. Alijaribu kukificha kicheko ndani ya kitambaa, kikamshinda, kikageuka kikohozi, kisha kikarudi kuwa kicheko. Kwa bahati mbaya alimgeukia, kama mtu anavyomgeukia yeyote anayecheka naye, akamwona usoni. Alikuwa amezeeka kidogo tangu harusi. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri kwa sababu ya mtoto mchanga.

Watiri hakuyakwepa macho yale. Mwai ndiye aliyeinamisha ya kwake, kwa adabu, akaitazama saa yake ya mkononi.

"Dakika kumi na tano zimeisha, Mama. Sasa unaweza kuinuka."

Kule upande wa pili Moffat alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshavua koti na kulikunja juu ya kikapu chake, na shati lake lilikuwa limekunjwa hadi begani, mkono mwembamba wa kizee ukitetemeka kwa baridi. Nyuma yake Mama Kingori alikuwa anafungua vifungo. Nyuma ya Mama Kingori watu walikuwa wanasukumana taratibu, kila mmoja akitafuta nafasi yake ya mwanzo. Tabby alifungua daftari na kulamba ncha ya kalamu.

Watiri aliwatazama wote. Aliutazama ukungu. Hakuinuka.

"Hiyo saa yako inakimbia," alisema. "Hazijaisha."

Mwai aliitazama saa tena, kwa makini, kama mtu aliyeonyeshwa kosa la kweli. Moffat alikuwa anangoja mkono wazi.

"Ni kweli," Mwai alisema. "Huwa inakimbia."

Naye akabaki amekaa kando yake. Kule chini kwenye kona, lori la majani lilisikika likibadilisha gia, likianza kupanda.